Kutoka wodini hadi uongozi wa chuo: Ngazi ya mwalimu wa uuguzi Kisii na Nyamira

MWALIMU wa uuguzi ni muuguzi aliyesajiliwa ambaye, baada ya kuhudumia wagonjwa, husomea namna ya kuwafunza wengine kazi hiyo. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo kwa mujibu wa sensa ya 2019 zina zaidi ya wakazi milioni 1.8, ubora wa huduma anayopata mama mjamzito au mtoto mgonjwa hutegemea kwa kiasi kikubwa jinsi mwalimu huyo alivyoifanya kazi yake.

Vyuo vya eneo hili

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ilianza mwaka wa 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa ajili ya kuwatibu wanajeshi wa Uingereza. Leo wodi zake ni darasa la wanafunzi wa taaluma mbalimbali za afya. Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, kina mabewa Kisii na Nyamira, nayo hospitali ya misheni ya Kikatoliki ya Tabaka ina chuo chake cha uuguzi.

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi. Kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton 1994, kikapewa hati ya kujitegemea Februari 2013. Masomo ya uuguzi yamo katika kitivo chake cha sayansi ya afya.

Ngazi ndefu

Kwa miaka mingi wauguzi wengi nchini walikuwa na cheti tu, na cheti hakikumruhusu mtu kupanda hadi ualimu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha stashahada ya juu ya uuguzi mwaka wa 1968, lakini shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza huko 1992 pekee. Chuo Kikuu cha Baraton, kilicho karibu na Kapsabet, kilikuwa kimetangulia. Muuguzi wa Kisii au Nyamira aliyetamani kufundisha alilazimika kuacha kazi na jamaa zake akasome mbali.

Nafuu ilikuja 2005, shirika la Amref lilipoanzisha mafunzo ya masafa kwa njia ya kompyuta, likishirikiana na Baraza la Wauguzi. Lengo lilikuwa kuwapandisha wauguzi 22,000 kutoka cheti hadi stashahada huku wakiendelea na kazi. Kwa nafasi zilizokuwapo vyuoni wakati huo, ilikadiriwa kwamba shughuli hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100.

Baada ya stashahada hufuata shahada, ambayo huchukua miaka minne pamoja na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, kisha uzamili na uzamifu. Anayefundisha chuo kikuu hupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa.

Mzigo wa uongozi

Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za 2014 zilifanya shahada ya uzamifu kuwa sharti la kawaida la uhadhiri. Sharti hilo liliinua hadhi ya taaluma. Hata hivyo, wenye uzamifu katika uuguzi ni wachache, na aghalabu ndio hao hao wanaoteuliwa kuwa wenyeviti wa idara na wakuu wa vitivo. Mtaala, bajeti, mitihani na utafiti huwasubiri ofisini, ilhali mwanafunzi anayezalisha mama kwa mara ya kwanza anamhitaji mwalimu karibu naye.

Ikumbukwe pia kwamba wodi zikifungwa, mafunzo hukwama. Mgomo wa kitaifa wa wauguzi wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba. Hakuna kitabu kiwezacho kuchukua nafasi ya mgonjwa aliye kitandani.

Kwa sababu hiyo, kiongozi bora wa elimu ya uuguzi hapimwi kwa cheo chake pekee. Hupimwa kwa idadi ya walimu anaowaandaa wamrithi, na kwa kuhakikisha kuwa mwanafunzi hakosi msimamizi wodini, hata zamu ya usiku. Wahenga walinena kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Ndivyo ilivyo kwa muuguzi.