WALIAMBIWA MVINYO WAO HAUWEZI KUZEEKA, MIAKA 30 BAADAYE WAKAPIGA BAO LA PILI!

Ilikuwa Mei 24, 1976, jijini Paris. Mwingereza mmoja mwenye duka la mvinyo mjini hapo aliwaita hotelini majaji 9 wa Kifaransa. Hawakuwa watu wa mchezo mchezo. Kulikuwa na wenye mashamba ya mizabibu, wenye migahawa mikubwa na wahariri wa habari za mvinyo.

Mwaka huo Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200 ya uhuru, hivyo jamaa akaona awaonjeshe Wafaransa mvinyo wa California. Kwenye mvinyo mwekundu akapanga chupa 6 za California na 4 za Bordeaux, majina yakafichwa. Kila jaji alitoa alama kati ya 20.

Kwa enzi zile, hii ilikuwa kama timu ya mtaani kucheza na bingwa wa Ulaya. Mwandishi wa habari aliyetokea alikuwa mmoja tu. Wengine waliona hakuna stori hapo.

Kumbe stori ilikuwepo! Matokeo yalipotoka, namba moja ilikuwa Stag's Leap ya 1973, kutoka California. Mizabibu yake ilipandwa 1970 tu. Ikaipita Château Mouton Rothschild ya 1970, jina ambalo matajiri wa dunia walilitaja kwa heshima. Mwanamama mmoja kati ya majaji alishtuka mpaka akadai arudishiwe karatasi yake ya alama. Hakupewa.

Hapo ndipo utetezi ukaanza. Wafaransa wakasema hiyo si mechi ya haki, eti mvinyo wa California unawahi kuiva na unawahi kufa, wakati Bordeaux unahitaji miaka mingi ndiyo uonyeshe makali. Subirini uzeeke, tutaonana huko mbele.

Tuwe wakweli, hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mvinyo mwekundu mzuri ukiwa mchanga huwa na tanini nyingi, ile kitu inayokausha mdomo kama vile umetoka kula bibo. Miaka inavyokwenda chupani, tanini zinaungana, nyingine zinazama chini na kuwa mashapo, na mvinyo unalainika. Ndiyo maana chupa ya zamani inasimamishwa wima kwanza, kisha inamiminwa taratibu ili mashapo yabaki chini.

Mwonjaji anaanza na macho. Anainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe na kuangalia ukingo. Mvinyo mchanga una wekundu wa zambarau, uliokomaa unaelekea rangi ya matofali. Ukiwa wa kahawia mtupu, hiyo ni dalili mbaya. Inafuata pua. Harufu ya matunda inapungua, zinaingia za ngozi, tumbaku, uyoga na udongo uliolowa mvua. Ikinuka siki, safari imeishia hapo. Mwisho ni mdomo: je, tunda bado lipo? Na ukishameza, ladha inakaa muda gani? Mvinyo uliochoka unapotea hapo hapo. Uliozeeka vizuri unabaki na wewe.

Basi watu wakasubiri kweli. Mwaka 1986 yalifanyika maonjo mawili ya mvinyo ule ule, na yote mawili California ikashika namba moja. Bado wabishi wakasema miaka 10 ni michache.

Mei 24, 2006, miaka 30 kamili, mvinyo ule ukaonjwa tena na majopo mawili, moja London na jingine Napa, California. Wengi waliamini safari hii Bordeaux inalipa kisasi.

Ikala kwao. Nafasi zote 5 za juu zilikwenda California, na Mouton ikatokea ya 6. Lakini utamu wa stori uko kwa mshindi. Hakuwa tena Stag's Leap, iliyoshika ya pili. Alikuwa Ridge Monte Bello ya 1971, ambayo Paris ilimaliza ya 5 na karibu hakuna aliyeizungumzia. Ilikuwa imekaa kimya chupani ikijijenga.

Na si kwamba California yote ilitoboa. Chupa iliyoshika mkia 2006 nayo ilikuwa ya huko huko, Freemark Abbey. Nchi moja, zabibu za aina moja, moja imezeeka kwa heshima na nyingine imechoka. Kwa hiyo Wafaransa walikuwa sahihi kwamba muda ndio hakimu. Walichokosea ni kudhani hakimu anaangalia jina la ukoo.

Angalizo kwa wanaotaka kuficha chupa chini ya kitanda: mvinyo mwingi unaouzwa madukani umetengenezwa unyweke ndani ya miaka michache. Ule wa bei poa hauzeeki kuwa dhahabu, unaharibika tu. Na hata ule mkali unataka sehemu yenye ubaridi na giza, chupa ilazwe ili kizibo kisikauke.

Haya wadau, ungekuwa jaji Paris siku ile, ungekubali yaishe au ungedai karatasi yako? Dondosha maoni yako hapo chini.