Mshipa Unaotetemeka: Historia Fupi ya Sindano za Wagonjwa wa Figo



Vijana wetu wa madrasa walituuliza kuhusu mkono wa mzee mmoja wa hapa msikitini. Mshipa umetuna kama kamba, na ukiugusa unasikia mtetemo. Wapo walionong'ona kuwa ni jini. Si jini. Ni mshipa uliotengenezwa na daktari ili damu yake isafishwe kwa mashine, na una historia yake.

Daktari Willem Kolff aliunda mashine ya figo katika mji wa Kampen, Uholanzi, wakati nchi hiyo imekaliwa na Wajerumani. Alitumia selofani, ile ya kufungia soseji. Mwaka 1943 alianza kumtibu mwanamke wa miaka 29. Mashine ilisafisha damu, lakini kila mara ilibidi kukata mshipa mwingine wa kuunganishia mirija. Baada ya mara 12 hapakubaki mshipa, na yule mgonjwa akafariki. Damu ilikuwa inasafishika. Njia ya kuifikia ndiyo iliyokwisha.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 15 mashine iliwafaa wale tu ambao figo zao zilisimama kwa muda. Ambaye figo zake zilikufa kabisa alikuwa hana tiba.

Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner aliweka mirija miwili mkononi mwa fundi mitambo aitwaye Clyde Shields, mmoja kwenye ateri na mmoja kwenye vena, akaiacha humo. Mirija ilikuwa ya Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Siku isiyo ya mashine iliunganishwa nje ya ngozi, damu ikaendelea kupita. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Tatizo ni kwamba mirija iliziba kwa damu iliyoganda, iliingiza vijidudu, na ikichomoka damu ilimwagika. Na nafasi zilikuwa haba: kituo cha Seattle kilipofunguliwa mwaka 1962, kamati ya raia wa kawaida ndiyo iliyoamua nani atibiwe. Fikirini mzazi wenu yumo kwenye orodha ile.

Kisha ikaja njia ya mzee wetu. James Cimino, daktari wa New York, alipokuwa mwanafunzi alifanya kazi ya kutoa watu damu, na mishipa aliifahamu vizuri. Yeye na Michael Brescia waliona kwamba ateri ikiunganishwa na vena chini ya ngozi, damu yenye nguvu itaipanua vena mpaka iweze kuchomwa mara kwa mara. Mpasuaji alikuwa Kenneth Appell, ingawa jina lake husahauliwa. Walitangaza matokeo mwaka 1966. Njia hiyo inaitwa fistula (si ile fistula ya uzazi, akina mama msichanganye), na mpaka leo ndiyo inayopendekezwa kwa wagonjwa wengi. Mtetemo ni damu inayopita kwa kasi. Ukipotea ghafla, mgonjwa akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini maumivu hayakwisha. Sindano ni mbili, nene, na kwa kawaida mara tatu kwa wiki: zaidi ya 300 kwa mwaka. Katika miaka ya 1970 daktari Zbylut Twardowski wa Poland alikuwa na mgonjwa mwenye mishipa michache, akawa anachomwa matundu yale yale. Ikaonekana tundu linazoea na maumivu yanapungua. Wengine hutumia njia hiyo, ingawa usafi wake lazima uwe mkali sana.

Fistula huchukua wiki kadhaa kukomaa. Kwetu wengi hufika figo zimeshachoka, wakaanza na mpira shingoni. Basi ambaye ameambiwa figo zake zinadhoofika aulize mapema ni mkono gani utatengenezwa, na asiuache uchomwe ovyo. Ukishatengenezwa, haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi ndoo.

Mzee wetu alipoulizwa na vijana alicheka, akawaita mmoja mmoja waweke vidole wausikie.