Kiinua Mgongo cha Leonard Cohen

Tuseme ukweli: mwaka 2008 Leonard Cohen alirudi jukwaani kwa sababu hela zilikwisha. Mshairi huyu wa Montreal, Kanada, alikuwa hajafanya ziara ya matamasha kwa miaka 15. Sehemu ya muda huo aliishi kama mtawa wa Kibudha kule Mount Baldy, California. Alipokuja kushtuka, akiba yake ya uzeeni ilikuwa imechotwa na meneja wake mwenyewe. Akashtaki, na mwaka 2006 mahakama ikaamuru alipwe dola milioni 9. Akabaki na hukumu mkononi, fedha hakuziona.

Na vitabu je? Thubutu! Huyu ni mtu aliyetoa riwaya mbili na diwani kadhaa kabla hajarekodi albamu hata moja, na aliingia kwenye muziki kwa sababu fasihi haikumlisha. Sasa, akiwa na miaka 73, muziki ndio ukaitwa tena kuokoa jahazi.

Ziara ilianza 11 Mei 2008 Fredericton, mji mdogo tu wa Kanada, kisha ikasambaa hadi Ulaya na Australia. Tamasha lilikaribia saa tatu. Mzee amevaa suti na kofia, anapiga magoti akiimba. Mpiga ala akipewa zamu yake, yeye anavua kofia na kusikiliza. Katikati alighani shairi, na ukumbi mzima ukanyamaza. Ni washairi wangapi wamewahi kupata wasikilizaji wengi hivyo?

Lakini wiki inayonivuta zaidi ni ile ya Septemba 2009. Tarehe 18, Valencia, Hispania, alizimia jukwaani akakimbizwa hospitali. Tarehe 21 akatimiza miaka 75, na usiku huohuo akaimba Barcelona. Tarehe 24 alikuwa Ramat Gan, jirani na Tel Aviv, mbele ya maelfu kwa maelfu. Wanaharakati walikuwa wamemsihi asiende Israeli. Akaahidi mapato yaende kwa wanaotafuta amani pande zote mbili, na akapanga kuimba Ramallah pia. Wapalestina wakakataa: hawakutaka tamasha la kusawazisha mizani. Likafutwa.

Mwisho wa usiku ule Cohen, ambaye jina lake maana yake ni kuhani, aliinua mikono akawabariki watu kwa Kiebrania, kama makuhani wa kale. Wengi hukumbuka tukio hilo kwa machozi. Mimi haliniingii vizuri. Baraka ilikuwa nzuri, ila Ramallah haikuwa na sauti yoyote usiku huo zaidi ya kule kukataa kwake, na kukataa nako kulikuwa na maana yake.

Pengo la fedha lilishazibwa kitambo alipofunga safari tena mwaka 2012. Sasa hakuna aliyekuwa anamdai. Alisimama jukwaani kwa mara ya mwisho Auckland, New Zealand, 21 Desemba 2013, akiwa na miaka 79.