Mwalimu wa yoga anaandaliwa namna gani? Historia kutoka Mysore hadi Goma

Ndosho, mtaa wa tarafa ya Karisimbi kwenye njia ya kutoka Goma kwenda Sake, unajulikana mbali kwa sababu ya hospitali yake. Tangu mwaka 2012 waganga wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, wanatibu majeruhi wa risasi na mabomu katika hospitali ya CBCA Ndosho. Kila vita inapopamba moto upande wa Masisi au Rutshuru, vitanda vinajaa na mahema yanaongezwa uani.

Lakini kidonda kikishafunga, kazi haijaisha. Kuna mwili uliokakamaa, usingizi uliopotea, moyo unaoruka kwa kila mlango unaobamizwa. Ndiyo maana katika miaka hii Goma imeona watu wa aina nyingine wakija: wenye kufundisha dansi, capoeira, mazoezi ya kupumua, na pia yoga. Wengine walikaa, wengine walipiga picha wakaenda zao. Familia za wahami zimezoea kuulizwa majina na kupangwa kwa mistari. Swali ambalo wao hawapewi nafasi ya kuuliza ni hili: huyu anayekuja kufundisha, naye alifunzwa na nani, na kwa muda gani?

Kwa upande wa yoga, jibu lina historia yake, na historia hiyo si ya kale kama wengi wanavyodhani.

Yoga yenyewe ni elimu ya India ya miaka mingi sana, yenye mafundisho ya kutuliza nia na kutafakari. Ila mazoezi ya viungo yanayoonekana leo kwenye simu yalipata sura yao kwa sehemu kubwa katika karne ya 20. Katika miaka ya 1930 mfalme wa Mysore, kusini mwa India, alimpa mwalimu Tirumalai Krishnamacharya nafasi ya kufundisha ndani ya jumba lake. Hapakuwa na cheti wala hesabu ya saa. Mwanafunzi alikaa karibu na mwalimu, akatumwa, akakaripiwa, akaiga. Mwalimu ndiye aliyeamua siku ya kumwambia: sasa nenda ukafundishe.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa B.K.S. Iyengar, shemeji yake Krishnamacharya, mtoto wa familia maskini aliyekua na kifua kikuu, malaria na homa ya tumbo. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 18, alitumwa mji wa Pune kufundisha wengine, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa kidogo tu. Alichokosa alikitafuta kwenye mwili wake, siku kwa siku, kwa maumivu. Baadaye akawa mwalimu mashuhuri kuliko wote, na kitabu chake cha mwaka 1966, Light on Yoga, kilisomwa dunia nzima. Alikuwa pia na mkono mwepesi: kumpiga mwanafunzi kofi ili anyooshe mgongo lilikuwa jambo la kawaida darasani kwake. Katika kizazi kile hakuna aliyeshangaa. Hata walimu wengi wa shule za Kivu walifundisha hivyohivyo.

Mwanafunzi mwingine wa Mysore alikuwa mwanamke, Indra Devi, mzaliwa wa Riga huko Ulaya. Krishnamacharya kwanza alimkataa, kisha akamfundisha, na mwishowe ndiye aliyemwamuru awe mwalimu. Mwaka 1939 alikuwa akifundisha Shanghai, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alifungua shule yake Hollywood, Marekani.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale wanaotaka kufundishwa walipokuwa wengi kuliko walimu. Swami Vishnudevananda, mwanafunzi wa Swami Sivananda wa Rishikesh, alianzisha mwaka 1969 mafunzo ya walimu ya wiki nne: watu wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaamka alfajiri, na mwishoni wanapewa cheti. Kuanzia hapo mwalimu wa yoga angeweza kupatikana ndani ya mwezi mmoja. Miaka 30 baadaye, mwaka 1999, chama kiitwacho Yoga Alliance kiliundwa Marekani na kuweka vipimo vinavyotumika mpaka leo sehemu nyingi: saa 200 kwa mwalimu wa kwanza, saa 500 kwa mwalimu wa ngazi ya juu. Wengi hufanya 200, wakafundisha kwa muda, kisha wakarudi kuongeza 300. Hizo 300 ndizo zinazoitwa mafunzo ya juu.

Saa 200 ni nini hasa? Ukifanya saa 8 kwa siku, ni siku 25. Fundi cherehani wa soko la Virunga hampi mwanafunzi wake kikwembe cha mteja akikate baada ya siku 25. Hivyo mtu mwenye cheti cha saa 200 anajua kuongoza darasa la watu wazima wenye afya: jinsi ya kusimama, kuinama, kuvuta na kutoa pumzi bila kuumia. Mara nyingi hajaandaliwa kwa mama mjamzito, mzee mwenye magoti mabovu, kijana aliyekatwa mguu, wala mwanamke aliyebakwa. Mambo hayo, pamoja na elimu zaidi ya mifupa na mishipa na namna ya kulea walimu wengine, kwa kawaida huachwa kwa mafunzo ya juu, na si kila shule inayafundisha hata huko. Kwa mji kama Goma mpangilio huo uko kinyume. Kinachohesabiwa kuwa cha juu ndicho kingehitajika siku ya kwanza.

Katika Afrika Mashariki yoga ilikuwa kwa muda mrefu mambo ya familia za Kihindi za Nairobi, Mombasa na Kampala, halafu ya vilabu vya wenye fedha. Kilichobadilisha sura hiyo ni kazi ya vijana wa sarakasi. Mwaka 2006 Mmarekani Paige Elenson alikuwa Kenya na familia yake kutazama wanyama. Akakutana na vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono, naye akajiunga nao. Wakataka awafundishe. Kutoka hapo, mwaka 2007, yeye na mwalimu wake Baron Baptiste walianzisha Africa Yoga Project mjini Nairobi.

Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwapa kazi ambayo hawakuipangia. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wakenya waliokaa mahemani wakati ule wangeelewa bila kuelezwa maisha ya aliyetoka Sake kukimbilia Bulengo. Shirika lile lilichagua kutoleta walimu wa kigeni kwa zamu, bali kuwafunza vijana wa mitaa yenyewe, wale wa Kibera, Mathare na kwingineko, ili wafundishe majirani zao bure, katika shule, magereza na vituo vya watoto, huku wao wakilipwa kwa msaada wa wafadhili. Mafunzo ya walimu yakafanyika Nairobi, na baadaye yakapokea watu kutoka nchi nyingine za Afrika. Madarasa ya bure ya Jumamosi yamekuwa yakikusanya mamia ya watu ukumbini.

Mpango huo una udhaifu wake: mshahara wa mwalimu unaotegemea mfadhili wa ng'ambo unaweza kukatika kwa barua moja. Wakazi wa Goma hawahitaji mfano wa hilo. Hata hivyo mshahara ukikatika, ujuzi unabaki kwa mtu, na mtu yule anabaki mtaani.

Wakati Nairobi ikiandaa walimu wake, kwenye nchi za Magharibi liliibuka jambo lililolazimisha mafunzo ya juu yabadilike. Pattabhi Jois, mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya na mwalimu aliyeheshimiwa mno, alifariki mwaka 2009. Miaka iliyofuata, wanawake kadhaa waliokuwa wanafunzi wake walisema hadharani kwamba aliwashika sehemu za siri kwa kisingizio cha kuwarekebisha mkao. Mwaka 2019 mjukuu na mrithi wake, Sharath Jois, alikiri kwamba aliona vitendo hivyo visivyofaa na akaeleza masikitiko yake. Kwa miaka mingi mkono wa mwalimu ulikuwa haukatazwi. Tangu hapo shule nyingi zikaanza kufundisha kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu, au kutomgusa kabisa.

Njia ya kutogusa ilikuwa tayari imeanza mahali pengine. Mwaka 2003, katika kituo cha kutibu majeraha ya moyo kilichokuwa Brookline, jimbo la Massachusetts, mwalimu David Emerson na daktari wa akili Bessel van der Kolk walianza kutengeneza yoga kwa ajili ya watu waliopitia ukatili. Mwalimu haamuru. Hasemi "inua mkono". Anasema "ukipenda, unaweza kuinua mkono, au ubaki ulivyo". Hazunguki nyuma ya watu. Hamshiki mtu. Hafungi mlango bila kusema. Mwenye kutaka kuacha, anaacha, wala haulizwi kwa nini. Kwa mtu ambaye wengine waliuamua mwili wake kwa nguvu, kuruhusiwa kuamua mkono wake uende wapi ni sehemu ya dawa.

Mwaka 2014 kundi hilo lilitoa matokeo ya utafiti kwa wanawake 64 waliokuwa na majeraha ya moyo yasiyokubali matibabu. Nusu walifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10, wengine walipata mafunzo ya afya ya wanawake. Mwishoni, katika kundi la yoga 16 kati ya 31 hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Katika kundi lingine, 6 kati ya 29. Ni matokeo mazuri, lakini yasomwe kwa makini. Wanawake wale walikuwa wakiendelea kuonana na mtaalamu wa kuzungumza naye, na walirudi jioni kwenye nyumba zenye milango. Hakuna aliyekuwa analala chini ya turubai juu ya mawe ya volkano akisubiri mgao wa unga. Yoga haizuii mvua wala haimfukuzi mwenye bunduki.

Goma nayo ina historia yake ndogo katika mambo haya. Mwaka 2014 UNICEF, ubalozi wa Brazil na shirika la AMADE walileta capoeira kwa watoto waliotolewa katika vikundi vya silaha, na kwa wasichana waliokuwa wakitibiwa HEAL Africa. Mchezo huo ulibuniwa na watumwa Waafrika kule Brazil, wengi wao wakitoka pande za Kongo na Angola. Kwa hiyo ulikuwa unarudi nyumbani. Mwaka huohuo, Desemba, Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga, na askari wa India wa MONUSCO wakaiadhimisha Goma. Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, yoga ilikuwa imeshafundishwa kwa wanawake walionusurika mauaji ya 1994 na kuishi na virusi vya UKIMWI.

Ukubwa wa hitaji unajulikana. Katika mwaka 2023 peke yake, Madaktari Wasio na Mipaka walitibu wahanga zaidi ya 25,000 wa ukatili wa kingono nchini Kongo, wengi wao katika kambi za kuzunguka Goma. M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, kambi hizo zilivunjwa ndani ya wiki chache. Familia zikatawanyika: wengine wakarudi kwenye vijiji vilivyoungua, wengine wakaingia kwa ndugu mjini, Ndosho ikiwemo. Mwalimu aliyekuwa akiwakusanya mahali pamoja hana tena mahali hapo.

Lipo pia suala la imani, na si la kupuuzwa katika mji wenye makanisa mengi hivi. Vatikani, katika barua ya mwaka 1989, haikukataza njia za kutafakari kutoka Asia, ila iliwaonya Wakristo wasichukue utulivu wa mwili kuwa ndiyo sala yenyewe. Nchini Malaysia, baraza la fatwa lilitangaza mwaka 2008 kwamba yoga yenye nyimbo na ibada za Kihindu ni haramu kwa Waislamu. Mwalimu aliyefunzwa vizuri huwaeleza watu mapema atakachofanya na asichofanya, na huacha nyimbo hizo kwa wanaozitaka. Ambaye hajafunzwa hufukuzwa na mchungaji siku ya pili, na pengine ni haki.

Lugha ni kikwazo kingine. Majina ya mazoezi ni ya Kisanskriti na mafunzo ya juu ya ukanda huu hutolewa zaidi kwa Kiingereza, wakati vijana wa Goma wamesoma kwa Kifaransa na wanaishi kwa Kiswahili. Ila "vuta pumzi, shikilia, achilia polepole" haihitaji kamusi. Wataalamu wa kine wa kituo cha Shirika la Umoja, ambao huwafundisha waliokatwa viungo kutembea na miguu ya bandia, wanayatumia maneno kama hayo kila asubuhi. Watu kama wao wana msingi wa mifupa na mishipa ambao mwenye saa 200 hana. Kinachowapungukia kwa kuongoza kundi la waliojeruhiwa moyo ni kidogo kuliko kinachompungukia mgeni anayeshuka na mkeka wake.

Na mgeni siku hizi hashuki kirahisi, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa vita vilipoingia mjini. Anayetoka Ndosho kutafuta mafunzo Nairobi anavuka Petite Barrière kwa miguu, anapanda gari Gisenyi hadi Kigali, kisha basi kupitia Uganda, na darasani atamkuta mwalimu anayezungumza Kiingereza.