Mitaa Mitupu na Vyumba vya Majeruhi

Tarehe 15 Aprili 2006 iliondolewa nchini Burundi amri ya kutotembea usiku. Amri hiyo ilianza mwaka 1972. Kwa muda wa miaka 34, mkazi wa Bujumbura aliyejeruhiwa usiku wa manane alikabiliwa na maadui wawili: jeraha lenyewe, na barabara iliyofungwa kati ya nyumba yake na hospitali.

Historia hiyo yafaa kukumbukwa kila yanapozungumzwa maradhi ya Korona ya mwaka 2020, wakati serikali nyingi ulimwenguni zilipowaamuru watu wabaki majumbani. Wengi waliamini kwamba mitaa ikiwa mitupu, vyumba vya majeruhi navyo vitakuwa vitupu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli mzima.

Afrika Kusini ilitoa ushahidi ulio wazi. Tangu tarehe 27 Machi 2020 watu walizuiwa kutoka nje, na uuzaji wa pombe ukapigwa marufuku. Majeruhi wa magari, visu na ngumi wakapungua mno hospitalini. Tarehe 1 Juni pombe iliporuhusiwa, majeruhi walirejea kwa wingi. Tarehe 12 Julai Rais Ramaphosa akairudisha marufuku, ili vitanda vibaki kwa wagonjwa wa Korona. Ni dhahiri, basi, kwamba sehemu kubwa ya majeraha yanayoitwa ajali hayatokani na bahati mbaya. Yana chanzo, na chanzo chaweza kuzuiwa.

Hata hivyo, mlango uliofungwa hauzuii kila jeraha. Tarehe 5 Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliuonya ulimwengu kwamba ukatili dhidi ya wanawake majumbani umeongezeka vibaya. Barabarani gari liliacha kugonga, lakini ndani ya nyumba mke aliyepigwa hakuwa na pa kukimbilia, na huenda hakufika hospitali ili ahesabiwe.

Aidha, nchi za Afrika Mashariki zilionyesha hatari nyingine inayowahusu moja kwa moja walinzi wa usalama. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Jioni ile ile, abiria waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni, Mombasa, walipigwa na polisi. Siku tatu baadaye, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi aliuawa kwa risasi wakati polisi wakitekeleza amri hiyo. Tarehe 1 Aprili Rais Kenyatta aliwaomba radhi wananchi. Amri iliyokusudiwa kuokoa maisha ilikuwa imepeleka majeruhi wapya hospitalini. Nchini Uganda magari ya binafsi yalipozuiwa, mgonjwa alihitaji kibali cha mwakilishi wa serikali wilayani ili asafirishwe. Baadaye wajawazito wakaruhusiwa kwenda bila kibali. Damu inayotoka haingoji mhuri.

Burundi haikufuata njia hiyo. Safari za ndege za abiria zilisimamishwa mwezi Machi 2020 na mipaka ikafungwa, lakini mjini Bujumbura masoko, makanisa na baa ziliendelea, na uchaguzi ulifanyika tarehe 20 Mei. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi mitaa iliyofungwa inavyobadilisha majeraha mjini humo, hana budi kuangalia miaka mingine. Mwaka 2015, vizuizi na milio ya risasi vilipogawanya mitaa, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua kituo cha majeruhi huko Kigobe, na watu wa Msalaba Mwekundu wakawabeba waliojeruhiwa. Mitaa ilikuwa mitupu nyakati hizo pia, lakini utupu huo ulitokana na hofu, wala haukupunguza majeraha.

Kisha ukaja mwaka 2022. Kuanzia tarehe 21 Machi, serikali ilizuia pikipiki, baiskeli na tuktuk kuingia katikati ya jiji, na ajali za barabarani zilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Lengo la kupunguza ajali ni jema. Lakini maelfu ya watu walitegemea vyombo hivyo kwa kazi na kwa safari, na wengi walilazimika kutembea mwendo mrefu kwa miguu. Mtu aliyevunjika mguu hawezi kutembea mwendo huo, na mara nyingi pikipiki ndiyo gari la wagonjwa la maskini.

Funzo la historia hii ni wazi kwa askari na polisi. Amri ya kufunga barabara haijitekelezi yenyewe. Hutekelezwa na mtu aliyesimama kwenye kizuizi, mwenye silaha mkononi. Yeye ndiye wa kwanza kumwona majeruhi, kabla ya daktari wa Prince Régent Charles au wa Kamenge. Akikifungua kizuizi upesi, akalibana jeraha kwa kitambaa safi, akauzuia mguu uliovunjika usitikisike, amefanya nusu ya kazi ya tabibu. Akitumia fimbo mahali ambapo neno lingetosha, ameongeza mgonjwa kwenye wodi iliyokwisha kujaa.

Magonjwa mengine ya kuambukiza yatakuja, na huenda amri nyingine za kuwazuia watu zikatolewa. Zitakapotolewa, kipimo chake kisiwe utupu wa mitaa peke yake. Yafaa kuulizwa pia kama yule aliyejeruhiwa usiku wa manane alipata njia ya kufika hospitali, na kama askari aliyemkuta njiani alimsaidia kufika.