Mto Lualaba na Mashahidi Wawili

Ukishika njia ya mtoni hapa Kisangani, unafika kwa Wagenya, wavuvi wa mto huu, penye poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma. Januari 1877 Henry Morton Stanley aliyapita maporomoko haya akitafuta jibu la swali lililomkosesha David Livingstone usingizi: Lualaba inakwenda wapi?

Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871, moyo ukimwambia kwamba ile ni Nile. Alikosa mitumbwi ya kumshusha, akafariki 1873 bila kuijaribu imani yake. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron naye alikosa mitumbwi palepale, lakini alikuwa na vipimo. Hesabu zake zilionyesha kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, iliyo kando ya Nile, na kwamba Lualaba ina maji mengi kuliko Nile ya huko. Ingekuwa Nile, maji yangelazimika kupanda mlima. Cameron alijua jibu bila kuuona mwisho wa mto.

Je, hesabu ilitosha? Stanley alipokwisha kuyapita maporomoko, mwezi Februari, wenyeji walimtajia mto kwa jina: Ikutu ya Kongo. Neno lao na hesabu za Cameron vikakutana: Lualaba ni Kongo, si Nile. Na Agosti msafara ukatokea Boma, karibu na Atlantiki.

Wenyeji wale walikuwa na elimu yao, na Wagenya wanayo hadi leo. Tazama magogo yao: yamesimikwa kwenye mwamba katikati ya maji yanayonguruma, yakafungwa kwa kamba za msituni. Hapo huning'inizwa migono mikubwa, mdomo ukiukabili mkondo ili maji yenyewe yawasukume samaki ndani. Mvuvi hakokotoi kasi ya maji. Anaisoma kwa macho na miguu. Lakini asidhani mtu kwamba anabahatisha. Akikosea, mgono hurudi mtupu au mkondo huuchukua. Mto humsahihisha kila siku, kama ulivyowasahihisha wazee wake.

Ndiyo maana siwezi kuiita hisia ya Livingstone na hisia ya mvuvi kitu kimoja. Ya kwanza haikupata wa kuikosoa. Ya pili imekosolewa vizazi kwa vizazi. Hesabu nayo haina heshima mpaka ipimwe mahali penyewe. Kisangani ina chuo kikuu tangu 1963, na ina Wagenya. Mtafiti wa mto huu aende na vipimo vyake, kisha awaulize wavuvi. Wakipingana, arudi majini kupima upya.