Jiko la peleti katika nyumba kuukuu

Jiko la peleti ni chombo cha kupashia nyumba joto kinachochoma peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Licha ya jina lake, si jiko la kupikia. Kazi yake ni kupasha joto hewa ya chumba. Hutumika sana Ulaya, hasa Italia, na Amerika Kaskazini. Makala hii inaeleza matumizi yake katika nyumba kuukuu zinazopitisha upepo, kwa mfano wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani.

Peleti

Peleti hutengenezwa kwa masalio ya viwanda vya mbao. Unga wa mbao hukaushwa, kisha husukumwa kwa nguvu kupitia matundu ya bamba la chuma. Joto la msuguano hulainisha lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, nayo ikipoa huushikamanisha unga. Kipande kinachotoka kina kipenyo cha milimita 6 hivi, kinang'aa kidogo, na kikivunjwa hulia kikavu. Kikitumbukizwa majini huvimba na kurudi kuwa unga, ndiyo maana mifuko ya peleti haiwekwi juu ya sakafu yenye unyevu.

Peleti nzuri ina unyevu usiozidi asilimia 10, ilhali kuni zilizokaushwa vizuri hubaki na asilimia 20 hivi. Kilo moja hutoa takriban kilowati-saa 4.8 za joto, kwa hiyo kilo mbili hukaribia lita moja ya mafuta ya kupashia nyumba. Nchini Marekani huuzwa kwa mifuko ya kilo 18, na mifuko 50 huhesabiwa kuwa tani moja ya huko, sawa na kilo 907.

Historia

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Wamarekani wengi walirudia kuni. Katika miaka ya 1980 Jerry Whitfield, mhandisi wa jimbo la Washington, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jiko la peleti la majumbani: moto wa kuni unaojilisha wenyewe.

Utendaji

Peleti humiminwa kwenye tangi lililo nyuma au juu ya jiko. Parafujo inayozungushwa na mota huzipeleka kidogo kidogo kwenye kikombe cha moto, kisichozidi sana bakuli la uji. Kiwashio cha umeme huwasha moto, feni moja huvuta hewa ya kuuchochea na kutoa moshi, na feni ya pili hupuliza hewa ya chumba juu ya mabomba ya moto na kuirudisha ikiwa na joto. Thamostati hupunguza au kuongeza kasi ya parafujo.

Kwa kuwa moshi husukumwa na feni, bomba lake jembamba lenye kuta mbili laweza kupitishwa ukutani bila dohani ya matofali. Lakini umeme ukikatika, jiko huzimika. Mwezi Januari 1998 dhoruba ya barafu iliacha zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine bila umeme. Kwa hali kama hiyo wenye nyumba huweka betri au jenereta.

Nyumba inayopitisha upepo

Maine inaongoza majimbo ya Marekani kwa sehemu ya nyumba zinazotegemea mafuta ya kupashia joto. Nyingi ni za mbao, na zile za mashambani za karne ya 19 mara nyingine huungana moja kwa moja na ghala la mifugo. Kuta za zamani huwa tupu ndani, madirisha yana kioo kimoja, na msingi ni wa mawe yasiyokutana sawasawa na boriti iliyolala juu yake.

Hewa ya moto hupanda na kutokea darini, pembeni mwa dohani na kwenye mlango wa dari; inapotoka, hewa ya baridi huvutwa kupitia nyufa za chini. Ukiwasha kijiti cha udi na kukisogeza kandokando ya dirisha siku ya upepo, moshi unaopanda wima hulala ghafla mahali penye ufa. Mafundi hupima nyumba nzima kwa feni kubwa inayofungwa mlangoni, kwa tofauti ya shinikizo ya paskali 50.

Jiko lenyewe laweza kuongeza upepo huo. Likivuta hewa ya kuchochea moto kutoka chumbani, hewa nyingine huingia kupitia nyufa kujaza nafasi yake. Dawa yake ni bomba linaloleta hewa ya nje moja kwa moja kwenye kikombe cha moto.

Aidha, jiko hupasha zaidi chumba lilimo. Vyumba vya mbali hubaki baridi, na mabomba ya maji yaliyo kwenye kuta za nje yaweza kuganda wakati sebule ina joto la kutosha. Kwa hiyo wengi huacha mtambo wa mafuta kama akiba.

Matunzo na usalama

Kikombe cha moto husafishwa kila siku moja au mbili, kwani majivu yaliyoyeyuka huganda kuwa mabonge na kuziba matundu ya hewa. Majivu huwekwa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, maana kaa huweza kubaki hai ndani yake. Peleti nyingi zilizorundikwa kwenye chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua, hata kabla ya kuchomwa. Portland na Lewiston, miji ya Maine, ina wahamiaji wazungumzao Kiswahili kutoka Kongo na Burundi. Kwa yeyote kati yao aliyezoea jiko la mkaa, yafaa kukumbuka kwamba umeme ukikatika mkaa hauwashwi ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa sababu ya gesi hiyohiyo.

Uchaguzi wa ukubwa

Jiko la kilowati 10 likiwaka kwa nguvu zote hula takriban kilo 2.6 kwa saa, hivyo mfuko huisha kwa saa saba. Nyumba ikipimwa ikiwa bado na nyufa, jiko linalonunuliwa huwa kubwa mno. Nyufa zikizibwa baadaye, jiko hilo hulazimika kuwaka kwa nguvu ndogo au kuzimika na kuwaka mara kwa mara, likajaa masizi na kuchafua kioo. Ndiyo maana mafundi huanza na dari na boriti ya msingi, kisha kuta, na kipimo cha jiko huja mwisho.